Nafasi 6, Watoto 31: Tuzigawe Vipi?

Kila Januari, Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, foleni hujipanga kwenye lango la uwanja tunakokutania. Kina mama wamewashika watoto mikono, kina baba wachache wamesimama pembeni, na watoto wenyewe wamebandika nyuso kwenye waya wakiwatazama wenzao walio ndani, waliovaa skafu shingoni na kufundishana kufunga mafundo ya kamba. Mwaka niliokabidhiwa daftari la kikosi chetu cha skauti, nafasi zilizokuwa wazi zilikuwa 6. Watoto waliokuja walikuwa 31.

Mwaka ule nilizigawa vibaya. Sikupokea hongo, wala hapakuwa na jamaa yangu kwenye foleni. Sikuwa na kanuni yoyote, kwa hiyo nilimsikiliza kila aliyenifikia. Aliyekuwa na namba yangu alinipigia usiku. Aliyejaliwa ulimi alinieleza shida zake mpaka nikalainika. Nyanya mmoja aliyemleta mjukuu wake alikaa chini ya mwarobaini akisubiri kuitwa, na hakuna aliyemwita. Jumamosi ya tatu hakurudi. Mjukuu wake ni kijana mkubwa sasa, tunapishana mtaani tukasalimiana, na kila tukipishana nakumbuka kwamba hata jina lake sikuliandika.

Makala haya nawaandikia wote wanaoshika daftari kama lile: viongozi wa skauti na girl guides, makocha wa timu za watoto, walezi wa kwaya, walimu wa madrasa, na kamati za vikundi vya mtaa. Ninayo hoja moja. Uchache wa nafasi hauwi kosa la mtu. Kosa ni kuzigawa kwa kanuni ambayo mzazi hakuweza kuijua kabla hajafika langoni. Tunawaahidi wazazi kwamba tutawalea watoto wao wawe wakweli na waadilifu. Sharti la kwanza kabisa katika kanuni za skauti ni kuwa mtu wa kuaminika. Mtoto huanza kulisoma somo hilo siku anayoona nani kaingia, nani kaachwa, na kwa sababu gani.

Hesabu watu wazima kabla ya watoto

Viongozi wengi hupima nafasi kwa ukumbi. Viti 40 vinaenea, basi nafasi ni 40. Lakini kiti hakimwangalii mtoto anapovuka barabara, wala hakimsikilizi akilia. Nafasi ya mtoto hutokana na mtu mzima aliyepo, aliye macho, na anayelijua jina lake.

Robert Baden-Powell, aliyeanzisha skauti kwa kambi ya wavulana katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alilieleza jambo hili waziwazi alipowaandikia viongozi wenzake. Yeye mwenyewe aliona uwezo wake wa kumlea kila kijana ipasavyo unaishia kwenye vijana wapatao 16. Akawakadiria wenzake uwezo mara mbili ya wake, ndipo akapata ukomo wa 32 kwa kikosi. Mtu aliyekuwa ameongoza majeshi alikiri kwamba wavulana zaidi ya 16 wangemshinda kuwalea vizuri.

Chama cha skauti cha Uingereza kimeweka leo viwango vya chini vya watu wazima watoto wanapotoka kwenda kwenye shughuli za nje: kwa wenye umri wa miaka 6 hadi 8, mtu mzima 1 kwa kila watoto 6, kwa wanaofuatia hadi miaka 10 na nusu, 1 kwa watoto 8, na kuanzia hapo hadi 14, 1 kwa watoto 12. Hata watoto wakiwa wawili tu, watu wazima hawapungui 2.

Basi fanya hesabu hii. Andika majina ya viongozi waliohudhuria mikutano mingi ya muhula uliopita. Wale ambao majina yao yamebandikwa ukutani na nyuso zao hazionekani, waache nje. Toa mmoja kwa ajili ya siku ambayo mtu ataumwa au atafiwa. Waliobaki wazidishe kwa idadi inayofaa umri wa watoto wenu. Mkiwa na viongozi 4 wa kweli, hesabu 3. Mkiwa na watoto wa miaka 8 au 9, 3 mara 8 ni 24. Hizo ndizo nafasi zenu. Idadi hiyo inagawanyika vizuri pia katika vikundi vidogo vya watoto 6 au 8, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa malezi ya skauti: watoto wachache chini ya mwenzao anayewaongoza.

Kiongozi mwenye moyo mwema ataona uchungu kusimama kwenye 24 huku wengine wapo langoni. Asimame. Mtoto wa 25 akiingia bila jicho la kumwangalia, wote 25 wamepungukiwa.

Nafasi hufunguka kwa kalenda

Jambo la pili ni kujua nafasi zitapatikana lini. Katika skauti ya Kenya, watoto wa miaka 6 hadi 10 ni Sungura. Wakifika 11 huingia Chipukizi, kisha Mwamba, halafu Jasiri kwa vijana waliotimiza 18. Ngazi hizi zinakupa hesabu ya mwaka ujao tangu mwaka huu. Kaa na daftari mwezi wa Oktoba. Nani atatimiza 11? Nani anahamia shule ya bweni? Familia ipi imekuarifu kwamba inahama mji? Jumlisha, utapata nafasi zitakazokuwa wazi Januari.

Hapo pia hakikisha ngazi ya juu ina pa kuwapokea wanaopanda. Nimeona vikosi ambavyo Chipukizi imejaa, basi watoto wa miaka 12 wanabaki na Sungura, wamechoshwa na michezo ya wadogo, na huku chini mlango umeziba. Anayepanda ngazi ndani ya kikosi atangulie kuliko mtu yeyote wa nje. Alikwisha kupokelewa, akatoa ahadi yake mbele ya wenzake, nasi tukampa yetu.

Ukishajua nafasi zinazofunguka kwa mwaka, linganisha na wanaosubiri, kwa sababu hapo ndipo uongo mwingi usiokusudiwa unapozaliwa. Kikosi chenye nafasi 24 za Sungura hufungua labda 6 kwa mwaka. Tuseme wanaosubiri ni 31 na mnafuata foleni. Mtoto aliye mwisho wa foleni atafikiwa mwaka wa sita. Kama leo ana miaka 7, siku hiyo atakuwa na 12, ameshapita umri wa Sungura. Kumwandika jina na kumwambia mama yake "subirini, tutawaita" ni kumpa ahadi ambayo hesabu yenyewe inaikataa. Ahadi ni deni, na deni hili hulipwa na mtoto kwa kusubiri kisichokuja.

Njia zinazotumika, na wanaoumia katika kila moja

Njia inayopendwa zaidi ni aliyetangulia kuandikishwa. Ni rahisi, haina maneno mengi, na kila mtu anaielewa kwa sababu ndivyo tunavyopanga foleni dukani. Ila hebu tazama nani hutangulia. Hutangulia mzazi aliyesikia mapema, mwenye simu yenye data, mwenye rafiki katika kamati. Mama anayefungua kibanda chake sokoni alfajiri hufika wa mwisho. Familia iliyohamia mtaani mwezi uliopita haina tumaini kabisa. Na mahali foleni inapokuwa ndefu sana, wazazi huanza kuandikisha watoto wachanga, wakati mtoto mwenyewe hajajua kutembea, sembuse kupenda skauti.

Njia ya pili ni umri: mkubwa kwanza, kwa kuwa muda wake unakwisha. Ina huruma ndani yake. Ikitumika peke yake, kikosi hujaa watoto wa mwaka mmoja wa mwisho, wanaingia na kutoka kabla hawajakomaa, na wadogo hawakai muda wa kutosha kuwa viongozi wa wenzao.

Njia ya tatu ni kupiga kura kwa vikaratasi. Watu wengine huiona kama kamari, na nawaelewa, maana inauma kuona jambo la mtoto likiachiwa bahati. Lakini kura haina shemeji. Haijui nani ana gari na nani amekuja kwa miguu. Udhaifu wake ni kwamba haikumbuki: mtoto anaweza kukosa miaka mitatu mfululizo huku aliyefika jana akiingia.

Njia ya nne ni mchujo, yaani kuwahoji watoto na kuchagua "wanaofaa". Hii naikataa moja kwa moja kwa watoto wadogo. Mtoto mchangamfu atapita, mwenye haya ataachwa, na mwenye haya ndiye kikosi kingemsaidia zaidi. Muulize mtoto jambo moja tu, faraghani na kwa upole: wewe mwenyewe unataka? Akisema hataki, zungumza na mzazi. Mbali na hilo, hana la kuthibitisha.

Njia ya tano haitajwi wazi, nayo ni pesa. Ada ikipandishwa, foleni hupungua yenyewe, na kamati hupumua. Waliopungua ni watoto wa maskini. Sare kamili inaweza kumfukuza mtoto kwa namna hiyohiyo. Semeni wazi katika tangazo lenu kwamba mtoto hatakosa nafasi kwa ajili ya ada au sare; aanze na skafu, mengine yafuate. Wekeni sanduku la sare zilizowabana waliokua. Sare iliyovaliwa na mkubwa wako ina heshima yake.

Kura inayokumbuka waliosubiri

Baada ya kukosea mara kadhaa, kikosi chetu kilichanganya njia hizi, na mpango huo ndio ninaoupendekeza. Ubadilisheni kulingana na mahali penu, lakini uandikeni wote, ukurasa mmoja, kabla ya kujua nani ataomba.

Kwanza, kuna nafasi chache zinazotolewa kwa sababu zinazotajwa. Mtoto wa kiongozi anayehudumu apewe nafasi. Wengine hunung'unika hapa, lakini hesabu ya mwanzo inajibu: mtu mzima mmoja anafungua nafasi 8 na mtoto wake anachukua 1. Sharti ni kwamba awe amehudumu muhula mzima kwanza. Ahadi ya kuja kusaidia haitoshi. Ndugu wa mtoto aliye kikosini naye afikiriwe, kwani mama hawezi kuwa na watoto wawili sehemu mbili Jumamosi moja. Wekeni kikomo hapo, tuseme si zaidi ya theluthi moja ya nafasi mpya, la sivyo baada ya miaka michache kikosi kitakuwa cha familia tano.

Pili, tengeni nafasi moja au mbili kwa mtoto asiye na mtu wa kumpigia foleni: yatima, mtoto anayelelewa na ajuza asiyejiweza, mtoto aliye katika makao, au aliyehamia baada ya maafa. Walimu wakuu na maafisa wa watoto wanawajua. Jina lipendekezwe na watu wawili wasio jamaa za mtoto, na kamati ilipokee kimyakimya. Asiambiwe mtu yeyote kikosini kwamba huyu aliingia kwa nafasi ya wanyonge. Amevaa skafu kama wenzake, basi.

Tatu, nafasi zote zinazobaki ziende kwenye kura yenye kumbukumbu. Andikisheni watoto watakaokuwa wametimiza umri ifikapo Januari, na msiandike mchanga yeyote. Tangazeni siku ya kufunga, kwa mfano tarehe 30 Novemba. Aliyejiandikisha siku ya kwanza na aliyejiandikisha siku ya mwisho wana haki sawa, ili mama wa sokoni asiumizwe na saa. Kila mtoto apate tikiti 1. Aliyekosa mwaka jana apate 2, aliyekosa miaka miwili apate 3. Hivyo mgeni ana tumaini, na subira ya mwenyeji ina uzito.

Siku ya kura, wazazi waalikwe. Tikiti ziwe na namba, zisiwe na majina. Mtoto ambaye tayari ni mwanachama azitoe kwenye ndoo mbele ya macho ya wote, na msiishie kwenye nafasi zilizo wazi. Endeleeni mpaka namba ya mwisho itoke. Namba ikirudia kwa tikiti ya pili, irukwe. Mkimaliza, mnayo orodha yenye mpangilio kwa mwaka mzima. Mei mtu akihama, hakuna mjadala wala simu: anayefuata kwenye karatasi anaitwa. Karatasi hiyo ibandikwe ubaoni ikiwa na namba tu.

Mtoto mwenye ulemavu yumo katika mpango huu kama mtoto mwingine yeyote. Msianze kwa kuuliza ugonjwa wake. Habari za afya ziulizwe baada ya nafasi kutolewa, na ziulizwe kwa nia ya kujiandaa: tumsaidie vipi, nani akae karibu naye, uwanja una ngazi wapi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi katika ibara ya 27, na katika ibara ya 53 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Hata pasipokuwa na wakili mlangoni, hiyo ndiyo mizani.

Mali bila daftari

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wakizungumzia fedha pekee. Nafasi za watoto ni mali ya jamii, na bila daftari hupotelea mifukoni mwa wenye sauti.

Daftari la wanaosubiri linahitaji vitu vichache: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina na simu ya mzazi au mlezi, mtaa, tarehe ya kuandikishwa, na miaka aliyokwisha kusubiri. Andika kwa wino. Mpe mzazi kikaratasi chenye namba yake na tarehe, kama risiti, ili asitegemee kumbukumbu yako. Kwa asiyejua kuandika, mwandikie na umsomee ulichoandika. Tangazo lisibaki kwenye kundi la WhatsApp pekee. Libandikeni shuleni, msikitini, kanisani, na kwenye kioski ambako kila mtu hununua mkate.

Majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa ni amana. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Daftari lifungiwe kabatini, lisipigwe picha na kusambazwa, na taarifa za walioacha kusubiri zifutwe.

Nafasi inapopatikana, mpigie mzazi. Asipopatikana, piga siku nyingine na saa nyingine, kisha tuma ujumbe na umpe siku 14 za kujibu. Wengine simu zao hukosa chaji au salio. Ukiandika kwamba ulipiga lini na lini, hakuna atakayekuja kukulaumu bila jibu. Mtoto akishaingia, mpe mikutano mitatu au minne ya kujaribu kabla ya kuvishwa skafu. Akiona hapendi, aondoke kwa heshima na anayefuata aitwe.

Simu za usiku

Sasa nije kwenye jambo linalowavunja viongozi wengi. Simu italia. Atakuwa mfadhili aliyewachangia hema, au mheshimiwa aliyekuja kwenye harambee yenu, au mkubwa wa kanisa au msikiti unaowapa ukumbi bure. Atakuwa na mpwa. Hatasema "nipendelee", atasema "nilidhani sisi ni watu wamoja."

Kiongozi aliye peke yake hana ngao mbele ya simu hiyo. Ndiyo maana ugawaji uwe wa watu watatu, mmoja wao akiwa mzazi asiye kiongozi, na kila uamuzi uwe na sahihi tatu. Mmoja akiwa na jamaa yake kwenye orodha, atoke chumbani kwa suala hilo, na ikaandikwa kwamba alitoka. Kisha unaweza kujibu kwa adabu na bila kigugumizi: "Mzee, nakushukuru kwa yote uliyotufanyia. Jina la kijana naliandika sasa hivi, naye ataingia kwenye kura pamoja na wenzake. Mimi mwenyewe sina mamlaka ya kumpitisha." Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kweli tu pale mlipojinyima mamlaka hayo kabla. Mwenye ukumbi, kama mnaona anastahili nafasi moja kila mwaka kwa shukrani, iandikeni kwenye kanuni ili kila mtu aione. Kinachoweza kuandikwa ubaoni bila aibu hakina ubaya. Kisichoweza kuandikwa, msikifanye.

Kumwambia mtu hapana

Aliyekosa anadaiwa jibu. Mwite mzazi pembeni, mtoto asiwe anasikia, na umwambie kwa maneno yasiyozunguka: "Mama, mwaka huu hakupata. Nafasi zilikuwa 6 na watoto 31. Namba yake ilitoka ya 14, kwa hiyo uwezekano wa kuitwa kabla ya Desemba ni mdogo. Mwakani atakuwa na tikiti mbili." Usiseme "tutaona". Neno hilo limewaweka wazazi wengi kwenye foleni isiyosonga.

Kisha umpe kitu cha kuondoka nacho. Siku za kupanda miti, kusafisha ufuo au michezo ya wazi, zisizohitaji uanachama, watoto wanaosubiri waalikwe pamoja na wazazi wao. Mweleze kuhusu kikosi cha jirani au cha shule ya mtoto. Vikosi vingi vya Kenya hukutania shuleni. Na ikiwa umri wa mtoto utapita kabla foleni haijamfikia, mwambie hivyo leo, umwoneshe ngazi inayofuata.

Nawe mzazi, una wajibu wako. Uliza mambo matatu kabla hujaandikisha: kanuni imeandikwa wapi, namba ya mtoto wangu ni ipi, na tukikosa itakuwaje? Usidanganye umri, mtoto wa miaka 5 akitembezwa na wa miaka 9 ataumia yeye. Usishike nafasi tatu katika vikundi vitatu ukingoja kuchagua. Mkihama au mtoto akichoka, arifu mapema, maana kuna mtu anasubiri simu. Na ukipata njia ya uchochoroni, ikatae. Mtoto wako atajua alivyoingia, hata usipomwambia.

Wanaosubiri ndio wajenzi

Historia ya skauti yenyewe imejengwa na watu waliokuta mlango umefungwa. Mwaka 1909, katika mkutano mkubwa wa skauti pale Crystal Palace, London, wasichana walifika bila kualikwa, wamevaa kama skauti, wakataka kutambuliwa. Mwaka 1910 wakapata chama chao cha Girl Guides. Wadogo wa skauti waliokuwa wakiwafuata kaka zao mikutanoni na kurudishwa nyumbani walifunguliwa ngazi yao mwaka 1916. Hapa kwetu, skauti iliyoanza mwaka 1910 miongoni mwa watoto wa Wazungu iligawanywa kwa rangi wakati wa ukoloni, na vijana wa Kiafrika waliishika ileile kanuni inayosema kila skauti ni ndugu ya mwenzake, wakawauliza wakubwa: undugu huo uko wapi? Kila safari, jibu lililofaa lilikuwa kupanua nyumba.

Kwa hiyo orodha yako ya watoto 25 waliokosa isome tena, safari hii kwa upande wa wazazi. Hizo ni familia 25. Miongoni mwao yumo mwalimu, yumo muuguzi, yumo mama anayejua kushona, yumo kijana aliyekuwa skauti zamani. Mkipata watu wazima 4 tu, mmepata nafasi 24 kwa hesabu yetu ileile, na kikosi cha pili kinaweza kukutana siku nyingine kwenye uwanja uleule. Lakini msifanye pupa. Kila anayejitolea alete cheti cha polisi cha mwenendo mwema, watu wanaomjua waulizwe, apate mafunzo, na kwa muda wote huo asiachwe peke yake na watoto. Foleni ndefu isiwe sababu ya kumkaribisha mtu msiyemjua.

Kikosi chetu cha pili kilianza hivyo, kwa wazazi wanne waliokuwa wamekasirika kukosa. Leo mmoja wao ndiye anayeshika daftari.

Novemba hii, kabla ya simu kuanza kulia, kaeni watatu, andikeni ukurasa wenu mmoja, muubandike ubaoni. Januari ikifika, mwende langoni na kalamu. Na mkimwona mtu amekaa kivulini na mtoto wake, hasemi kitu, msingoje aje mezani. Mwendeeni pale alipo, mkaandike jina.